Gamba au fani? Tovuti inapobadilishwa sura

Chukua mfano wa wakala wa forodha mjini Malaba anayetaka tovuti yake 'ibadilishwe sura'. Anataka dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori aifungue kwa simu, aone nambari ya ofisi juu kabisa, kisha fomu ya kuulizia mzigo. Kijana wa kompyuta anakubali, wanapatana bei. Siku mbili baadaye tovuti imegeuka kutoka buluu hadi kijani, herufi zimenenepa, lakini fomu ingali chini kulekule. Nani kamdhulumu mwenzake? Kwa maoni yangu, hakuna. Neno walilopatania ndilo lililowaponza.

'Sura' hapo imebebeshwa mambo mawili ambayo mafundi wa tovuti huyatenganisha: thimu na skini. Skini ni laha ya mitindo tu, yaani faili la CSS linaloamua rangi, aina ya herufi na nafasi baina ya mistari. Ukiliondoa, ukurasa unabaki na viungo vyake vyote, ila uko uchi. Thimu ni mzigo mzito zaidi. Katika WordPress, programu iliyoanza kutumia thimu mwaka 2005, ndani yake mna laha hiyo ya mitindo pamoja na violezo: kimoja cha ukurasa wa mwanzo, kingine cha makala, kingine cha matokeo ya utafutaji. Violezo ndivyo vinavyoamua kitokee nini, wapi, na kwa mpangilio gani.

Mkazi wa Busia hahitaji kompyuta kulielewa hili. Zamani msafiri wa kwenda Uganda aligongewa muhuri upande wa Kenya, akavuka, kisha akapanga foleni upya upande wa pili. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho marais wa nchi hizi mbili walikifungua rasmi Februari 2018, kiliwaweka maafisa wa mataifa yote mawili mahali pamoja, ili msafiri ahudumiwe mara moja katika nchi anayoingia. Pasipoti ni ileile, mzigo ni uleule. Mpangilio ndio uliobadilika. Hiyo ni thimu. Lau serikali zingeyapaka rangi majengo ya zamani basi, tungepata skini, na foleni zetu mbili zingebaki. Ukitaka skini hasa, tazama kuta za maduka: upande huu kijani cha Safaricom, ng'ambo manjano ya MTN. Ndani, kaunta iko palepale na sukari iko kwenye rafu ileile.

Sasa tuviite nini? Simu za Android zilizowekwa Kiswahili huita thimu 'mandhari', na picha inayopamba skrini nayo huitwa 'mandhari'. Jina moja, vitu viwili! Isitoshe, mwanafunzi wa fasihi anajua mandhari kuwa mahali na wakati wa kisa. 'Maudhui' lingetupotosha zaidi, kwani kwenye tovuti maudhui ndiyo hasa yasiyoguswa: matini, picha, bei za bidhaa.

Hata hivyo, jibu limo katika somo lilo hilo la fasihi. Tulifundishwa kutenga fani na maudhui, na ndani ya fani tukatenga muundo na mtindo. Muundo ni jinsi visa vinavyopangwa. Mtindo ni namna ya kuvisimulia. Skini hugusa mtindo pekee. Thimu hugusa muundo na mtindo kwa pamoja. Kwa hivyo napendekeza thimu iitwe 'fani ya tovuti', na skini iitwe 'gamba'. Nyoka akijivua gamba hubaki nyoka yuleyule, na Watanzania waliosikia CCM ikizungumzia 'kujivua gamba' mwaka 2011 wanajua swali linalofuata: kimebadilika nini hasa? 'Ngozi' silitaki, nani huvua ngozi akabaki salama?

Nakiri kwamba mpaka huu nao una njia zake za panya. Mwaka 2003 Mkanada Dave Shea alianzisha CSS Zen Garden, ambako wabunifu waliuchukua ukurasa mmoja wa HTML wakaugeuza mara chungu nzima kwa laha ya mitindo peke yake, hadi ukadhani ni tovuti tofauti kabisa. Gamba lililoshonwa na fundi stadi linaweza kuhamisha vitu. Lisiloweza ni kuzaa fomu ambayo haimo ukurasani.

Basi anayelipia kazi hii aulize kabla ya kutoa pesa: unagusa violezo, au laha ya mitindo tu? Akijibiwa violezo, ajue bei itapanda, na tena aombe nakala ya tovuti ya zamani ihifadhiwe kwanza. Fani mpya huenda isiwe na nafasi ya menyu zilizokuwa kwenye ile ya awali, nazo zikapotea machoni mwa wateja hadi zipangwe upya.