Ukienda kununua kompyuta, usikisahau kiwambo

Wahenga walisema rahisi ghali, na wengi wetu tumeyaona hayo kwa macho yetu. Lakini iko hasara nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni ya mtu anayemwaga pesa upande mmoja na kubana upande mwingine, kumbe pale alipobana ndipo palipohitaji pesa hizo.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza nguo Gikomba, alikopa Sh40,000 katika chama chake ili mwanawe aliyekuwa amemaliza masomo ya usanifu wa michoro afungue kibanda cha kuchapisha kadi za harusi, mabango na ratiba za mazishi. Jumamosi moja wakashika njia hadi katikati ya jiji la Nairobi. Muuzaji akawatolea kasha jeusi lenye ubavu wa kioo, ndani taa za buluu zinawaka na kuzima kama za matatu ya usiku. "Mama, hii ni i7," akamwambia. "Itamfaa kijana mpaka azeeke." Kasha hilo likameza Sh34,000. Kwa pesa kidogo zilizobaki wakapata kibodi, kipanya na kiwambo cha mtumba cha inchi 17 ambacho mwanga wake ulikuwa umeanza kuwa wa manjano.

Mteja wa tatu wa yule kijana alikuwa bibi harusi aliyetaka kadi 200 za rangi ya maziwa. Kijana akaipanga rangi mpaka ikapendeza machoni pake, akachapisha. Karatasi zilipotoka zilikuwa nyeupe zenye kisamawati. Kile kiwambo kilikuwa kikiongeza umanjano wake chenyewe, naye maskini akadhani ni rangi aliyoitia. Kadi zote 200 zilirudiwa kwa gharama yake, na mwisho wa mwezi chama kilikuwa kikingoja malipo ya kwanza ya mkopo.

Sasa hebu tulitazame kasha lenyewe, ambalo wauzaji wengi huliita "CPU" ingawa CPU ni kijisehemu tu kilichomo ndani, kidogo kuliko kiberiti. Ile i7 ilikuwa i7 kweli, hakudanganywa. Ila ilikuwa i7-3770, na hapo ndipo penye siri. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari hukuambia kizazi: 3770 ni kizazi cha tatu, nayo ilitoka mwaka 2012. Ukiona i5-6500, hicho ni kizazi cha sita. I5-8500 ni cha nane. Nambari ikiwa na tarakimu tano, tazama mbili za kwanza: i5-10400 ni cha kumi. Basi i5-8500 iliyotoka mwaka 2018, licha ya jina lake la unyenyekevu, huiacha nyuma ile i7 ya mwaka 2012. Muuzaji akikwambia "i7" akanyamaza, muulize: i7 ngapi?

Si suala la kasi tu. Kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inayochukua nafasi yake hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel Core, kizazi cha nane kwenda mbele ndicho kinachokubaliwa rasmi. Wako mafundi wanaojua kupenya kwa mlango wa nyuma na kuiweka kwenye mashine kuukuu, lakini Microsoft haikuahidi kwamba mashine hizo zitaendelea kupata marekebisho ya usalama. Kwa mtu anayelipia kodi na kutuma pesa za benki kupitia mashine hiyo, hilo si jambo dogo. Kama kazi yako ni kuandika barua na kuhesabu mauzo tu, waweza kutumia Linux pamoja na LibreOffice, ambazo hazilipiwi hata senti, na ile mashine ya kizazi cha nne ikawa mali nzuri kwako. Lakini amua hivyo kabla ya kulipa.

Jambo jingine ambalo hulipa haraka kuliko yote ni diski. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka katika ofisi za Ulaya huja na diski ya kizamani inayozunguka. Ukiitoa ukaweka ya SSD, mashine iliyokuwa ikikufanya upike chai ikijiwasha itakuwa tayari kabla maji hayajapata moto. Kumbukumbu nayo isipungue gigabaiti 8. Nakuambia wazi kwamba kasha la ofisi lisilo na urembo, lenye prosesa ya kizazi cha nane, gigabaiti 8 na SSD, lingemfaa mtoto wa jirani kuliko lile la taa.

Turudi kwenye kiwambo, maana ndicho utakachokikodolea macho saa nane kwa siku. Kasha utalibadilisha, kiwambo kizuri chaweza kukaa miaka kumi na kutumika na makasha mawili au matatu. Kwa hivyo pesa unazokiwekea hazizeeki upesi. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, lakini zisikutoshe. Uliza pia idadi ya nukta. Kiwambo cha 1366 kwa 768 kina nukta zipatazo milioni moja. Cha 1920 kwa 1080 kina zaidi ya milioni mbili. Hicho cha pili hukuruhusu kuweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu na kuzisoma bila kukunja uso. Kwa kazi ya rangi tafuta cha aina ya IPS, ambacho rangi zake hazigeuki ukikitazama kutoka upande.

Kama ni cha mtumba, usikubali kuonyeshwa picha ya maua na maporomoko ya maji, kwa sababu picha nzuri huficha mengi. Omba ukurasa mweupe mtupu uijaze skrini yote, ndipo utakapoona umanjano, madoa na pembe zilizofifia. Kisha omba ukurasa mweusi, uone kama kuna nukta zinazong'aa peke yake au mwanga unaovuja kandokando. Kiwashe kwa dakika kumi na tano huku mkipatana bei. Vya zamani vyenye taa za mirija badala ya LED hufifia kwa umri, na hula umeme mwingi zaidi.

Halafu tazama matundu ya nyuma. Makasha mengi ya ofisi yana DisplayPort na VGA bila HDMI, na kiwambo ulichokipenda huenda kina HDMI pekee. Nimewahi kubeba kiwambo hadi nyumbani kwa matatu, nikakipakata kama mtoto mchanga, kisha nikarudi mjini kesho yake kwa ajili ya waya. Nauli mara mbili, na siku imeharibika.

Gharama nyingine haimo kwenye risiti ya duka. Kifaa kinachokula wati 100 humaliza uniti moja ya umeme kwa saa kumi. Jumlisha wati za kasha na za kiwambo, zidisha kwa saa zako za kazi, kisha angalia kwenye ujumbe wa tokeni zako uniti moja ilikugharimu shilingi ngapi. Na kwa kuwa kompyuta ya mezani haina betri kama ya mapajani, stima ikipotea na kazi ambayo hujahifadhi hupotea. Mahali ambapo stima hukatikakatika, UPS ndogo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Mimi ningekuwa na zile Sh40,000, ningetenga robo hadi thuluthi ziwe za kiwambo kabla hata sijauliza bei ya kasha, kisha nikaacha akiba ya waya na UPS. Risiti iandikwe aina ya prosesa na muda wa dhamana, si neno "kompyuta" tu. Muuzaji anayekataa kuandika hayo, mwage kwaheri uende duka la pili.

Yule kijana bado yuko kibandani kwake. Mamake aliongeza pesa wakanunua kiwambo cha inchi 22 cha IPS, cha mtumba, safari hii baada ya kukikagua kwa ukurasa mweupe mpaka muuzaji akachoka. Kasha ni lile lile, na SSD imetiwa. Zile taa za buluu amezifunika kwa gazeti, anasema zinamuumiza macho.