Maisha si Bao

Pita barazani alasiri, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, utawakuta wazee wameinamia bao. Mashimo 32, kete 64, na kila kete anayokula mmoja imemtoka mwenziwe. Mmoja hufunga, wa pili hufungwa.

Elimu ya kupima michezo kwa hesabu ilipata kitabu chake kikubwa mwaka 1944, walipokitoa John von Neumann na Oskar Morgenstern huko Marekani. Waliofuata wakaonyesha kwamba mambo mengi ya dunia si bao: katika biashara, ujirani, hata vita, wawili waweza kufaidi pamoja au kuhasirika pamoja.

Tuchukue bahari yetu. Wavuvi wote wakiacha juya na nyavu za macho madogo, samaki watakua na kila mtu atapata. Lakini kila mmoja hujisemea, "Nikiacha mimi, mwenzangu atavua." Basi wote huvua, na bahari ikabaki tupu. Juya lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, ila shaka ya moyoni haiondolewi na sheria peke yake.

Dawa ni nini? Karibu mwaka 1980, Robert Axelrod aliwaalika wajuzi walete programu za kompyuta zishindane katika mchezo wa namna hiyo, kila mbili zikikutana mara nyingi. Iliyoshinda ilikuwa nyepesi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mtende mwenzio kama alivyokutenda mara iliyopita. Ajabu yake, haikumpita mpinzani yeyote walipokutana wawili. Iliongoza kwa kujumlisha kheri waliyoipata pamoja.

Lakini ina kasoro. Wawili wakikoseana kwa bahati mbaya, hulipizana bila kikomo. Utafiti wa baadaye ukaona kwamba asamehaye mara mojamoja hufaulu zaidi. Si mageni haya kwetu tuliofunzwa chuoni kwamba kisasi kina mpaka, na msamaha una daraja ya juu.

Kuruwitu, Kilifi, mwaka 2005 wenyeji waliafikiana kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe. Samaki walirudi, na mwaka 2017 jumuiya yao ilipata Tuzo ya Equator. Hawakumfunga mtu. Walijua tu kwamba kesho wataonana tena.

Bao huisha Magharibi ikiadhiniwa, ujirani hauishi.