Kununua Mundu kwa Mhunzi: Maneno kwa Wakulima wa Kinondoni na Temeke

Kijarida hiki chahusu mundu uliofuliwa kwa mkono, yaani kile kisu kilichopinda ambacho mkulima hukatia majani ya ng'ombe, mpunga na matawi madogo. Kimeandikwa kwa ajili ya wenye mashamba madogo kandokando ya Dar es Salaam: upande wa Temeke, kama Chamazi, Toangoma na Mbagala, na upande wa Kinondoni, kama Bunju, Mabwepande na Wazo. Huenda utasema, "Mundu ni kitu kidogo, nani asiyejua kununua mundu?" Basi fanya kwanza hesabu hii.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 hula kama kilo 40 za majani mabichi kila siku. Mkulima aliye na ng'ombe wawili bandani hana budi kukata kilo 80 za mabingobingo kutwa. Ikiwa kila fungu alishikalo mkononi lina uzito wa nusu kilo, mundu wake wapita mara 160 kwa siku moja, na mara 4,800 kwa mwezi wa siku 30. Mundu mkali wapita mara moja na fungu lakatika. Mundu butu wataka kuvutwa mara mbili au tatu, na kila mvuto wachosha kiwiko na bega. Kisha mkono uliochoka ndio unaoteleza na kumkata mwenyewe. Kwa hiyo fedha unayotoa kwa mhunzi yanunua jasho lako mwenyewe, na yafaa ujue unanunua nini.

Zamani chuma chenyewe kilitoka katika nchi hii. Wapare waliyeyusha mchanga wenye chuma, na Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo kwa kazi hiyo. Kuyeyusha kulikoma katika karne ya 20, bidhaa za ng'ambo zilipokuwa rahisi kupatikana, lakini kufua hakukukoma. Mhunzi wa leo hununua chuma chakavu, hukitia motoni, na hukifua juu ya fuawe kama wazee wake. Gerezani, karibu na Kariakoo, ni mahali panapojulikana sana kwa kazi za vyuma na chuma chakavu. Walakini wahunzi wengine wako karibu zaidi na mashamba, kwenye masoko ya pembezoni.

Jambo la kwanza ni kuuliza asili ya chuma. Mwambie mhunzi kwa adabu, "Mzee, mundu huu umetoka katika chuma gani?" Mhunzi mwema hafichi, na mara nyingi atakuonyesha kipande kilichobaki. Chuma kizuri kwa mundu ni kile cha springi bapa za motokaa. Springi ina kaboni kama sehemu 5 au 6 katika sehemu 1,000 za chuma, na hiyo kaboni, ingawa ni kidogo, ndiyo inayofanya chuma kikubali kukazwa na kushika makali. Nondo za kujengea nyumba aghalabu zina sehemu 2 au 3 tu. Mundu wa nondo hunoleka upesi na hufa upesi. Utakata mafungu machache na kurudi kwenye kinoo. Bati la pipa ni baya kuliko nondo. Msumeno wa zamani, kinyume chake, ni chuma kizuri kwa mundu mwembamba wa kuvunia mpunga.

Hapa niseme neno moja pembeni. Ukitaka kumpelekea mhunzi chuma chako mwenyewe, jambo ambalo hupunguza bei, kiwe chuma chako kwa haki. Kipande cha reli, mfuniko wa mtaro au nguzo ya alama ya barabarani ni mali ya watu wote, na mhunzi anayejiheshimu atakikataa.

Jambo la pili ni namna chuma kilivyokazwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, maana halionekani kwa macho. Chuma cha springi kikitoka kwenye nyundo na kuachwa kipoe polepole, bado ni laini. Hapana budi kichomwe tena hata kiwe chekundu chenye kung'aa. Kikifika joto la digrii 770 hivi za Selsiasi, sumaku haikivuti tena. Mhunzi mwenye akili hujaribu kwa sumaku, huongeza moto kidogo, kisha hukitosa katika mafuta. Maji hupoza kwa ukali mno na yaweza kutia ufa katika chuma cha springi. Baada ya kutoswa, chuma ni kigumu lakini chavunjika kama kigae. Basi hukipasha tena moto kidogo na kuangalia rangi zinazotembea juu ya bapa lililosuguliwa: kwanza rangi ya mabua makavu, karibu digrii 230, kisha hudhurungi, kama 260, kisha zambarau, kama 280, na mwisho buluu, karibu 300. Makali ya mundu yafaa yaachwe kwenye hudhurungi au zambarau. Mgongo waweza kufika buluu, ili upinde kidogo bila kuvunjika.

Ukijua hayo, utafahamu pia hila ya siku hizi. Utaona miundu imepangwa kando ya barabara, imesuguliwa kwa grinda ya umeme hata yameta kama fedha. Usivutwe na kumeta. Tazama ukingo wa makali juani. Ukiona alama za buluu au nyeusi kwenye makali yenyewe, grinda imeyachoma, na ule ugumu aliouweka mhunzi umeondoka mahali pale. Mundu mweusi wenye alama za nyundo, uliosuguliwa ukingoni tu, mara nyingi ni bora kuliko huo unaometa.

Usinunue bila kujaribu. Chukua tupa ndogo toka nyumbani. Isukume polepole juu ya makali: ikila chuma kwa wepesi kama inavyokula msumari, mundu ni laini, ikiteleza kabisa bila kushika, makali ni magumu mno na yatameguka, ikishika kwa shida, ni vyema. Kisha lalisha makali juu ya msumari mnene na uyakandamize kidogo, ukitazama ukingo. Makali mazuri hupinda kwa unyoya tu na kurudi. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakitoa pengo, yamekazwa kupita kiasi. Mundu ukiwa bado hauna mpini, uning'inize kwa uzi na uugonge kwa sarafu. Sauti yake iwe ya kulia, yenye kuendelea. Sauti iliyokufa ghafla yaonyesha kwamba pengine pana ufa. Ufa hupatikana zaidi penye mpindo mkali, na karibu na mahali bapa linapokutana na msuka. Usidharau ufa mwembamba kama unywele, kwa kuwa siku utakapokata kigogo kilichofichwa na majani, kipande chaweza kuruka usoni pako.

Mwisho wa majaribio, omba ruhusa ukate kitu. Bua bichi la mabingobingo lakatika kwa mundu wowote na halikufundishi mengi. Chukua upongoo wa kuti kavu, uuchonge mara kumi, kisha tazama makali tena. Mhunzi anayekataa jaribio hili, muage kwa heri uende kwa mwingine.

Sasa tuseme juu ya umbo. Mundu wa majani ya ng'ombe wataka mpindo mpana usio na kina, ili majani yateleze kutoka shina la bapa hata ncha huku yakikatika. Urefu wa shibiri moja na nusu, ukipimwa kwa kufuata mpindo, watosha watu wengi. Mundu wa kupogolea mikorosho au kukata matawi ya uani uwe mfupi, mnene mgongoni, na wenye ncha iliyorudi ndani kama ndoana. Mmoja hauwezi kufanya kazi zote mbili vizuri: ule mnene utakuchosha majanini, na ule mwembamba utapata mapengo matawini. Kotama ya mgema ni habari nyingine kabisa. Hiyo huchonga ncha ya karara la mnazi kwa vipande vyembamba mno, asubuhi na jioni, na yataka makali ya wembe. Asiye mgema haimfai.

Wenye kutumia mkono wa kushoto waangalie sana. Miundu mingi imenolewa upande mmoja tu wa bapa, na upande huo umechaguliwa kwa mkono wa kulia. Mwenye shoto akiutumia, mundu wapanda juu badala ya kwenda sawa na ardhi, naye hudhani kwamba hajui kukata. Kosa si lake. Amwagize mhunzi amtengenezee wa shoto. Kazi ni ile ile, na bei haipasi kuzidi.

Mpini usiupuuze. Msuka, yaani ule mkia wa chuma uingiao katika mpini, ufike mbali ndani ya mti, na ulio bora hutokea upande wa pili ukakunjwa. Mdomoni mwa mpini pawe na pete ya chuma, maana bila pete mti hupasuka siku ya kwanza ya jua kali. Mti wa mkwaju au wa mpera ni mgumu na haupasuki ovyo. Mti laini mweupe uliopakwa rangi jihadhari nao. Shika mundu na kuutikisa kwa nguvu karibu na sikio: ukisikia mgongano wowote, msuka umelegea. Mpini ujae mkononi bila vidole kukutana na kiganja, na mwisho wake uwe na kinundu ili mkono wenye jasho usiteleze.

Wakati wa kununua nao una maana. Masika yakianza mwezi wa Machi, majani huota kwa kasi na kila mtu hukumbuka mundu wake. Mhunzi ana haraka, na kazi ya haraka huharibika katika kukaza. Mwendee Januari au Februari, umweleze kazi yako, umwachie siku kadhaa. Patana naye mbele ya shahidi kwamba mundu ukivunjika au ukikunjika katika siku saba za kazi ya kawaida, ataurudisha motoni bila malipo. Mwenye kuamini kazi yake hataona jambo hilo kuwa tusi.

Unaporudi nyumbani kwa daladala, funga makali kwa kipande cha gunia na kamba. Nyumbani, unoe kwa jiwe la maji badala ya grinda, na kila jioni uufute utomvu na maji, kisha uupake mafuta kidogo. Wakaao karibu na bahari, kama Kunduchi na Mbweni, wasiache hata usiku mmoja, kwa kuwa hewa ya chumvi huleta kutu upesi.

Unapokata, mkono ulioshika majani uwe shibiri moja juu ya njia ya mundu, na miguu iwe ndani ya viatu, maana visiki vya mabingobingo huchoma kama mikuki. Ukijikata, usitie udongo wala majivu wala kinyesi cha ng'ombe katika jeraha. Pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na jeraha dogo lenye kina lamtosha kuingia. Osha kwa maji mengi safi na sabuni, funga kwa kitambaa safi, uende zahanati siku hiyo hiyo, ukamweleze mganga mara ya mwisho ulipochanjwa.

Na msuka ukilegea baada ya miezi ya kazi, usiupigilie kwa jiwe shambani. Mrudishie aliyeufua. Atautoa mpini, atabadili pete, na akiwa fundi wa kweli atageuza makali juani ayaangalie kabla hajakuuliza lolote.