Hewa Inapovuja Kifuani mwa Mtoto Mchanga

Leo tunaangalia shida inayoweza kumpata mtoto siku zake za kwanza: hewa kuvuja kutoka mapafuni.

Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa. Mtoto anapovuta pumzi za kwanza, vingine huweza kupasuka. Hewa hutoka, ikakaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ikiwa nyingi, hulibana pafu lisiweze kupanuka. Hatari huzidi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyevuta kinyesi chake cha kwanza mapafuni, au aliyesaidiwa kupumua kwa mashine. Si kosa la mama, wala si jicho la mtu.

Utajuaje? Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, rudia. Zikibaki hivyo, mpeleke hospitali mara moja. Mpeleke pia akiguna anapotoa pumzi, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, au ulimi na midomo ikigeuka buluu. Dalili hizi huonekana hata kwa nimonia, na nyumbani huwezi kutofautisha. Kwa hivyo usingoje kupambazuke. Usimkande kifua wala kumpa dawa za kienyeji. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike vizuri, uso ukiwa wazi.

Hospitalini, daktari husikiliza pande zote mbili za kifua. Anaweza kuzima taa za chumba na kummulika kwa taa maalum. Upande wenye hewa hung'aa zaidi. Picha ya eksirei huthibitisha.

Hewa ikiwa kidogo na mtoto anapumua vyema, huangaliwa kwa karibu, na mara nyingi hewa hiyo huisha yenyewe. Ikiwa nyingi, hutolewa kwa sindano, au kwa mrija mwembamba unaoingia kwenye chupa yenye maji.

Mama, usiogope mrija huo. Hauwekwi kumtoa mtoto damu, bali kutoa hewa inayombana. Mapovu unayoyaona majini ndiyo hewa yenyewe ikitoka. Usiuvute, na usiinue chupa. Lazima ikae chini kuliko mtoto. Kama bado hawezi kunyonya, mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kukamua maziwa.

Kumbuka: hesabu pumzi, na uende mapema.