Bunduki za Sinema: Je, Ni za Wakati Ule?

Leo wekeni kalamu karibu, maana tutaandika miaka kadha wa kadha. Miaka hiyo itatusaidia kuitazama sinema ya vita kwa macho mengine.

Wako watu ambao wakiona sinema ya vita husema, "Basi, mambo yalikuwa hivi hivi." Huenda yalikuwa hivyo, huenda hayakuwa. Njia moja ya kupima ni kuangalia bunduki. Bunduki hutengenezwa kiwandani, nayo ina mwaka wake wa kuzaliwa kama wewe na mimi. Haiwezi kupigana katika vita vilivyotokea kabla haijazaliwa.

Mfano wetu leo ni sinema iitwayo Zulu, iliyoonyeshwa kwanza mjini London mwezi wa Januari, 1964. Inasimulia mapigano ya Rorke's Drift, huko Natal, Afrika ya Kusini, tarehe 22 na 23 Januari, 1879. Siku kumi na moja kabla ya hapo jeshi la Waingereza lilikuwa limeivamia nchi ya Wazulu, jambo ambalo sinema yenyewe hailielezi vizuri. Pale Rorke's Drift palikuwa na hospitali na ghala, na watu wapata 150 wa kupalinda. Wazulu waliowashambulia walikuwa kati ya 3,000 na 4,000.

Andika: 1871. Huo ndio mwaka ambao jeshi la Uingereza liliipokea bunduki ya Martini-Henry, na hiyo ndiyo waliyokuwa nayo askari wa Rorke's Drift. Utaitambuaje? Tazama chini, nyuma ya kifyatulio. Utaona mkono mrefu wa chuma. Askari akiuvuta mkono huo chini, nyuma ya mtutu hufunguka na ganda la risasi iliyokwisha kupigwa huruka nje. Hutia risasi nyingine kwa vidole, moja tu, akaurudisha mkono juu, bunduki ikawa tayari. Kila risasi ni kazi hiyo hiyo tena. Baada ya kupiga sana mtutu hupata moto hata huwezi kuushika, na ganda lililotanuka kwa joto huweza kukwama ndani. Katika sinema hii wengi wa askari wana Martini za kweli, na hapo watengenezaji wanastahili sifa.

Sasa watazame askari walio nyuma. Wachache wao hawavuti mkono wowote chini. Wanashika kipande cha chuma kilicho juu, upande wa kulia, wanakiinua, wanakivuta nyuma na kukisukuma mbele, kama mtu afunguaye na kufunga komeo la mlango. Hiyo ni Lee-Enfield. Andika: 1895. Huo ndio mwaka jeshi lilipoipokea. Fanya hesabu mwenyewe, 1895 kutoa 1879, na utapata miaka 16. Lee-Enfield ina kisanduku cha risasi kumi chini yake, hivyo askari hana haja ya kutia risasi moja moja. Wazee wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Burma na jeshi la K.A.R. katika Vita Kuu ya Pili waliijua sana bunduki hii. Kama katika kijiji chenu kuna picha ya babu aliyekuwa askari wakati ule, itazame. Huenda utaliona komeo lenyewe.

Maofisa katika sinema wana bastola. Ni Webley ya namna ya sita, bastola kubwa inayovunjika katikati ili kutia risasi. Andika: 1915. Bastola rasmi ya jeshi mwaka 1879 ilikuwa Adams, ambayo haivunjiki. Risasi hutiwa moja moja kwa kidirisha kilicho ubavuni. Basi ofisa wa sinema amebeba silaha ambayo ingetengenezwa miaka 36 baadaye. Sababu si ngumu kuifahamu. Sinema ilipopigwa, mwaka 1963, Webley na Lee-Enfield zilikuwa nyingi na rahisi kupatikana, lakini Martini na Adams zilikuwa vitu vya kutafutwa.

Makosa hayo mawili ni madogo. Lipo la tatu, nalo ni zito zaidi, ingawa bunduki yenyewe ni ya mwaka unaofaa.

Katika sinema Wazulu wanapiga risasi kutoka mlimani, na tunaambiwa kwamba wana Martini walizoziteka Isandlwana. Ni kweli kwamba siku ile ile, kiasi cha kilomita 15 kutoka hapo, Wazulu walilishinda jeshi la Waingereza na kuteka mamia ya bunduki. Lakini waliokwenda Rorke's Drift, wakiongozwa na Dabulamanzi, ndugu wa mfalme Cetshwayo, walikuwa kikosi cha akiba. Hawakuingia katika mapigano makubwa ya Isandlwana. Walizunguka na kuvuka mto. Wengi wa wenye bunduki kati yao walikuwa na magobore ya zamani yaliyonunuliwa kwa wafanyabiashara.

Wengi wenu mnalijua gobore. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia risasi, unashindilia kwa fimbo, kisha ndipo upige. Mbali kidogo ya hatua mia, risasi yake yenda itakako. Hata hivyo, kutoka mlima ule Wazulu waliwaua na kuwajeruhi walinzi kadhaa. Walinzi waliokufa kwa jumla walikuwa 17. Wazulu waliokufa walizidi 350.

Sasa fikiri. Mtazamaji akiamini kwamba pande zote mbili zilikuwa na Martini, atadhani kwamba waliozidiwa pale walizidiwa kwa ushujaa. Akijua kwamba upande mmoja ulikuwa na bunduki iwezayo kupiga hata mara kumi kwa dakika, na mwingine ulikuwa na mikuki na magobore, ataiona safari ya mtu wa Dabulamanzi, kutoka chini ya mlima mpaka kwenye ukuta wa magunia, kwa namna nyingine kabisa.

Kazi ya darasa: chagueni picha moja ya askari, ya gazetini au ya ukutani. Tazameni nyuma ya mtutu. Je, kuna mkono chini, kuna komeo, au hakuna kitu ila mdomo wa kushindilia? Andikeni jibu kwa sentensi tatu.