Nchi Jirani: Puto Lifunguapo Vali ya Moyo wa Mtoto

Mwaka 1982, Dakta Jean Kan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza jinsi walivyomtibu mtoto wa miaka 8 aliyezaliwa na vali ya moyo iliyobana, bila ya kumpasua kifua. Mwaka huo huo, Dakta Kanji Inoue wa Japani alitumia puto kufungua vali ya mitrali, ambayo ndiyo iharibiwayo zaidi na homa ya baridi yabisi.

Vali ni mlango upitishao damu upande mmoja tu. Mlango huo ukibana, moyo huelemewa, na mtoto huishiwa pumzi. Daktari hupitisha mpira mwembamba uitwao katheta katika mshipa wa damu wa kinena, huku akiufuatilia kwa eksirei hadi kwenye vali. Puto lililo karibu na ncha yake hujazwa maji maalumu kwa muda wa sekunde chache. Kingo zilizogandamana huachana, puto hunywea, kisha hutolewa. Hata hivyo, vali yaweza kuanza kuvuja, na iliyoharibika mno huhitaji upasuaji.

Lakini puto hufungua mlango tu, halimfukuzi adui. Adui huyo huanzia kooni: vijidudu visivyotibiwa huleta homa ya baridi yabisi, nayo ikirudia rudia huzitafuna vali.

Katika nchi jirani ya Uganda, watafiti huko Gulu waliandikisha watoto na vijana 818 ambao vali zao zilikuwa na dalili za awali za ugonjwa huo. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 2, miongoni mwa waliodungwa penisilini kila wiki 4 ni 3 tu waliozidiwa. Miongoni mwa wasiodungwa, 33.

Majeshi yanaijua vita hiyo, kwa kuwa maradhi hayo hustawi penye msongamano, kambini na mabwenini. Kuanzia mwaka 1949, huko Fort Warren, Wyoming, madaktari walithibitisha kwamba askari mwenye koo lililoambukizwa, akipewa penisilini mapema, huepushwa na homa hiyo.

Askari mlinzi humzuia adui langoni, hangoji aingie ghalani. Kadhalika mzazi aliye kambini hana budi kumpeleka zahanati mtoto mwenye koo linalouma na homa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.