Kinachomrudisha Mtu Mazoezini

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini Tanzania. Sababu ilikuwepo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mmoja kati ya kila watu wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la damu. Lakini siku moja kwa mwezi haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na kuimarisha misuli siku mbili. Kwa dereva wa bodaboda wa Newala, kusini mwa nchi, anayekaa kutwa, kazi si kuanza. Kazi ni kurudi tena Jumanne ijayo.

Naamini kinachomrudisha ni kundi dogo na mwalimu wa mazoezi anayemjua. Vyuma vya mazoezi vinaweza kusubiri.

Miaka ya 1920 mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa Berlin kwa kuwanyanyulisha uzito, mmoja mmoja kisha wakishirikiana. Aliye dhaifu kidogo alijikaza zaidi alipokuwa na mwenzake, kwa kuwa hakutaka kuwa yeye wa kuangusha kazi. Tofauti ya nguvu ilipozidi mno, faida hiyo ilipungua. Ndiyo maana kupanga nani akimbie na nani ni kazi ya kitaalamu hasa: ukimpanga mama aliyetoka kujifungua na kijana wa mpira, umemfukuza.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua nguvu ya mchakamchaka. Mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, miguu inashuka pamoja. Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2010 kwamba wapiga makasia waliofanya mazoezi kwa pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipokuwa peke yao, ingawa jasho lilikuwa lilelile. Wimbo una faida nyingine ambayo mwalimu makini haiachi: ni kipimo cha pumzi. Anayeweza kuitikia yuko katika mwendo wake, aliyenyamaza apunguziwe.

Hapo ndipo udogo wa kundi unapohitajika. Katika umati wa fulana za rangi moja, nani atasikia sauti moja imekatika? Nani ataona goti linaloingia ndani mtu anapochuchumaa? Na asipokuja, nani atapita kwake jioni kumuuliza? Kwa Wamakonde wa Newala, kundi la namna hii lina mizizi. Jando na unyago humweka mwali pamoja na rika lake, chini ya macho ya mtu mzima aliyekabidhiwa.

Mwalimu lazima aijue na ardhi. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na pale Shimo la Mungu nchi inakatika kuelekea bonde la Ruvuma. Kupanda mteremko kunamaliza pumzi, lakini kuteremka ndiko kunakoumiza mapaja, kwa sababu misuli inafanya kazi huku ikivutwa, na maumivu yanakuja kesho au keshokutwa. Asiyeambiwa hilo mapema hudhani ameumia, na harudi. Wageni waanzie tambarare. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kazi inayofanywa alfajiri umande ukiwa majanini, njia ya mbio ihamishwe mbali na mashamba. Vumbi la salfa halimfai mtu anayehema kwa nguvu.

Linabaki suala la ada, nalo huvunja makundi mengi kimyakimya. Fedha ya Newala hufuata minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Ukimdai mkulima mchango wa kila mwezi hata Machi, ataona aibu na kujitenga, na aliyejitenga kwa aibu ni vigumu kumrudisha. Afadhali wanachama walipie mwaka mzima baada ya mauzo, na wenye mshahara walipe kidogokidogo. Mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Asipolipwa atarudi shambani, na kundi litabaki bila macho.